Asilimia 18 ya Nini?

Siku hizi kumnyang'anya mtu mzima sahani yake hakuhitaji ubavu. Yanatosha maneno mawili: utafiti unaonyesha. Yakishatamkwa tu, baba mwenye nyumba anarudisha mshkaki kwenye sinia, anafuta vidole, anaanza kujitetea mbele ya wanawe.

Nyumbani kwangu utafiti unaonyesha asubuhi, unaonyesha mchana, na usiku umeme ukikatika bado unaonyesha. Sukari ilikwenda kwanza. Chumvi ikafuata. Mayai yaliondolewa, yakarejeshwa, yakaondolewa tena, na hivi sasa yapo mezani kwa dhamana. Nikavumilia, maana ndoa ni uvumilivu. Ila juzi shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, mtu ambaye hajawahi kusoma maelekezo ya dawa ya kikohozi mpaka mwisho, alituma kwenye grupu la ukoo ujumbe wenye picha ya fuvu na alama za mshangao za kutosha kata nzima: "WHO YATHIBITISHA: NYAMA NI SAWA NA SIGARA! SARATANI YAPANDA KWA ASILIMIA 18!" Mama watoto akausoma kwa sauti. Akanitazama mimi, akaitazama mishkaki, akasema kwa upole ule unaotisha kuliko ukali: "Mume wangu, umesikia?"

Nikaandika kwenye grupu: "Asilimia 18 ya nini?"

Kimya. Katika grupu lile kuna mhasibu, kuna mwalimu wa hesabu, kuna na mjomba anayekopesha kwa riba na kuifahamu hadi senti ya mwisho. Hakuna aliyejibu. Baada ya muda shemeji akaandika: "Shem, sasa wewe unabishana na WHO?"

Hapo ndipo nyongo inaponipanda. Fundi akikwambia gharama imeongezeka kwa asilimia 18, unamkaba: kutoka ngapi mpaka ngapi? Unataka risiti, unataka na mabaki ya misumari. Lakini saratani tunaletewa kwa asilimia mlangoni, tunapokea, tunasema asante. Anayeuliza anaitwa mbishi, hasa akiwa ameshika mshkaki.

Basi nikaitafuta habari yenyewe. Kumbe si ya juzi. Ilitoka Oktoba 2015, na aliyeitoa ni Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya WHO. Wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikaa wakapitia tafiti zaidi ya 800. Nyama zilizosindikwa, yaani soseji, bekoni, nyama ya kopo na wenzao, wakaziweka Kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kuwa vinaweza kumletea binadamu saratani. Humo ndimo ilimo tumbaku. Nyama nyekundu, ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, wakaiweka Kundi la 2A, la vitu ambavyo yaelekea vinaleta saratani ila ushahidi haujakamilika.

Sasa tazama dhuluma iliyofanyika pale mezani. Mshkaki wangu ni ng'ombe mtupu, mtuhumiwa ambaye kesi yake inaendelea. Soseji za watoto, zile zinazonunuliwa pakiti kwa pakiti na kukaangwa kila asubuhi ya shule, ndizo zilizokwisha hukumiwa. Nililieleza jambo hili kwa heshima na taadhima. Mazungumzo yakahamia ghafla kwenye ada ya muhula ujao.

Halafu hayo makundi yenyewe hayapimi ukali wa kitu. Yanapima uhakika wa wanasayansi. Kundi la 1 maana yake ni kwamba wana hakika kitu hicho kinaweza kuleta saratani. Halisemi kinawaletea watu wangapi. WHO wenyewe waliona watu watachanganya, wakatoa maelezo siku zilezile: kwa makadirio yaliyokuwapo, ulaji mkubwa wa nyama zilizosindikwa ulihusishwa na vifo 34,000 vya saratani kwa mwaka duniani, na tumbaku ikahusishwa na vifo milioni 1. Wamekaa kundi moja, ila mmoja ameua karibu mara 30 ya mwenzake. Maelezo hayo yalikuwapo tangu siku ya kwanza. Hayakusambazwa na shemeji wa mtu yeyote, kwa sababu hayana fuvu.

Na ile asilimia 18? Ni kwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku ya Mungu, na inahusu saratani ya utumbo mpana. Waingereza walishaifanyia hesabu ya watu badala ya asilimia. Kwao, katika kila watu 1,000, kama 61 hupata saratani hiyo maishani. Wanaokula nyama hizo kidogo kabisa ni kama 56 katika 1,000. Wanaozila kwa wingi ni kama 66. Tofauti ni watu 10 katika kila 1,000. Gawanya 10 kwa 56 uone unafika wapi: palepale jirani na asilimia 18. Hesabu ni ileile. Ukiitaja kwa asilimia, ukoo mzima unashika tumbo. Ukiitaja kwa watu, mtu anaweza kukaa akafikiri.

Sisemi watu 10 ni wachache. Ni watu, wana watoto na wana madeni. Nasema tu kwamba kabla hujaninyang'anya chakula, niambie ni 10 katika wangapi. Na usisahau wale ni watu wa Uingereza, ambako bekoni ni kifungua kinywa. Mimi hiyo nyama ya kila siku nitaitolea wapi? Kwa bei ya kilo buchani siku hizi, mfuko wangu umenikinga na nyama kuliko daktari yeyote.

Nilidhani nimeshinda. Wiki ileile binti yangu, aliye chuoni, akaleta wa kwake: utafiti unaonyesha kwamba chokoleti inapunguza uzito. Hapo sasa hakuna aliyeuliza asilimia wala robo. Mama watoto alitabasamu, shemeji akaweka dole gumba, mwalimu wa hesabu akaandika "Safi sana." Utafiti unaoondoa kitu mezani unajadiliwa mpaka usiku, unaoleta kitu mezani unapokelewa kwa mikono miwili.

Na huo wa chokoleti nao nikaufukua. Ulifanyika kweli, Ujerumani, ukachapishwa mwaka 2015 katika jarida lililojiita la kitabibu. Gazeti la Bild likautangaza, magazeti ya nchi nyingine yakafuata mkumbo. Mtafiti wake alijiita Johannes Bohannon, wa Taasisi ya Lishe na Afya. Taasisi hiyo ilikuwa tovuti tu. Jina lake halisi ni John Bohannon, mwandishi wa habari, na Mei mwaka huohuo alijitokeza akaeleza kwamba alitega mtego kuona nani angeuliza. Alilipa euro 600, makala yakachapishwa.

Utamu wa mtego ule ni kwamba hakupika takwimu. Watu walikuwapo, mizani ilikuwapo, chokoleti ililiwa. Ila waliomaliza zoezi walikuwa 15 tu, wamegawanywa makundi matatu, na kwa kila mmoja vilipimwa vitu 18: uzito, lehemu, usingizi, mpaka hali ya moyo kuridhika. Kwa utaratibu wa kawaida wa takwimu, kila kipimo kina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya kwa bahati tu. Ukipima vitu 18, nafasi ya angalau kimoja kukudanganya inafika karibu asilimia 60. Unasubiri kitakachotikisika, unakipigia tarumbeta, vingine 17 unavifukia. Kwake kilichotikisika kilikuwa uzito. Kingeweza kuwa usingizi, na leo tungekuwa tunalala na chokoleti chini ya mto.

Nikamweleza binti yangu haya yote, taratibu, kwa mfano wa kurusha sarafu. Akanisikiliza hadi mwisho, kama alivyolelewa. Kisha akasema: "Sawa baba, lakini huyo aliyeukana huenda naye amelipwa."

Nikaenda zangu kijiweni kupumzisha kichwa. Kijiwe chetu ni cha kahawa chungu na kashata, kimejaa wazee ambao kwa ubishi wangeweza kusimamisha bunge. Nikawasimulia kisa cha mwaka 1981, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipotangaza katika New England Journal of Medicine kwamba kahawa inahusiana na saratani ya kongosho. Waliwalinganisha wagonjwa wa saratani hiyo na wagonjwa wengine waliolazwa na madaktari walewale. Wagonjwa wa saratani wakaonekana wanakunywa kahawa zaidi. Tatizo ni kwamba wengi wa hao wengine walikuwa na maradhi ya tumbo, na mtu wa tumbo huipunguza kahawa mwenyewe au daktari humkataza. Kwa hiyo si lazima wa saratani walikuwa wamezidisha. Wa tumbo walikuwa wamepunguza. Tafiti zilizofuata hazikuweza kuuthibitisha uhusiano ule.

Mzee mmoja, ambaye shule aliiacha mapema na hajaijutia, aliweka kikombe chini. "Yaani walichukua wanywaji," akasema, "wakawalinganisha na watoro."

Nimesoma maelezo marefu kuhusu kundi la kulinganishia. Hakuna lililofika pale mzee alipofika kwa sentensi moja.

Nikawapa na habari njema zaidi. IARC, ambayo mwaka 1991 iliituhumu kahawa kuwa huenda inahusika na saratani ya kibofu, mwaka 2016 iliipitia upya, ikaona ushahidi hautoshi, ikaitoa kwenye orodha ya washukiwa. Kijiwe kikashangilia, mtu akaagiza duru nyingine. Ningenyamaza hapo ningerudi nyumbani shujaa. Lakini wataalamu walewale, katika kikao kilekile, walisema jambo la pili: vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, vikiwa chai, kahawa au maji matupu, vyaelekea kuleta saratani ya umio. Kahawa waliiachia, wakaukamata moto wake. Wazee wakanitazama mimi, wakalitazama birika lililokuwa likifuka juu ya mkaa, na hakuna aliyenisogezea kashata.

Huu wa moto ndio ulionigusa. Mimi chai yangu naitaka inayounguza. Chai ya vuguvugu kwangu ni dharau kwa mgeni na kwa mwenyeji. Nikasema leo maswali yangu yote nayapeleka huko, na sitarudi mpaka nimeubomoa.

Nikauliza: waliwauliza watu wakiwa wamekwisha ugua, wakati kila mgonjwa anatafuta wa kumlaumu? Utafiti mkubwa wa Golestan, kaskazini mwa Iran, uliwaandikisha watu wakiwa wazima, ndipo ukasubiri. Wangapi? 50,045. Muda gani? Takriban miaka 10. Haya, huo moto waliujuaje, kwa kumwuliza mtu "chai yako ni ya moto kiasi gani" naye ajibu "ya kawaida"? La. Walipima. Mtu alimiminiwa chai vikombe viwili, kimoja kikatiwa kipimajoto, kingine akaonja, na ikapoa hatua kwa hatua hadi aliposema hii ndiyo ninayokunywa. Je, ni wao peke yao? Hapana, ushahidi uliotazamwa na IARC ulitoka pia China na Amerika ya Kusini. Labda ni mambo ya mbali, hayatuhusu? Watafiti walikwenda na kipimajoto mpaka Kilimanjaro, wakakuta watu wanaanza kunywa chai ikiwa, kwa wastani, imepita nyuzi 70. Na ukanda huu wetu wa mashariki mwa Afrika umejulikana kwa muda mrefu kuwa saratani ya umio ni nyingi kuliko kwingi duniani.

Nikabakiwa na silaha yangu ya mwisho: asilimia ya nini? Kule Golestan, waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa na nyuzi 60 au zaidi, hatari yao ilikuwa juu kwa asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na isiyo ya moto hivyo. Asilimia 90 ya kitu kidogo: katika watu wote 50,045, waliopata saratani hiyo walikuwa 317. Hapo nilipumua. Lakini nikajua ninapumua kwa hila. Nyama wanayotaka kuniondolea ina gharama kuiacha, maana mshkaki ni mshkaki. Chai kinachotakiwa ni kusubiri dakika chache, bure. Utafiti niliotaka uanguke umesimama, na ule ambao binti yangu alitaka usimame umelala chali. Ubaya wa maswali ni huo: hayana ukoo. Ukiyafuga ili yang'ate wenzako, yatakung'ata na wewe.

Nilipolieleza grupu kuhusu chai, shemeji akaja na ushahidi wake mkuu: "Shem, babu yetu alikunywa chai inayochemka na kuvuta sigara kali, akafika miaka 90." Kila ukoo nchini una babu huyu. Sina ugomvi naye, Mungu amrehemu. Ugomvi wangu ni kwamba waliokufa na miaka 50 hawaji kwenye kikao cha ukoo kutoa ushuhuda. Mwaka 2011 nchi ilipohamia Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Mwasapile na kikombe chake cha dawa cha shilingi 500, tulisikia shuhuda za waliorudi wakisema wamepona. Aliyerudi akafa hakuhojiwa.

Dawa ya babu wa shemeji ni kufanya alichofanya Richard Doll wa Uingereza pamoja na mwenzake Austin Bradford Hill. Mwaka 1951 waliwaandikia madaktari wa nchi yao kuwauliza kuhusu uvutaji wao; zaidi ya 40,000 wakajibu. Kisha wakafanya kazi isiyo na mbwembwe: wakasubiri waone nani anakufa na kwa nini. Ufuatiliaji uliendelea miaka 50, ukaonyesha kwamba wavutaji wa sigara wa maisha walikufa mapema kwa wastani wa miaka kama 10. Humo pia walikuwamo kina babu waliovuta na kufika 90. Walihesabiwa pamoja na wenzao.

Na Doll alipoanza uchunguzi wake hakuishuku sigara. Alidhani mchawi ni lami ya barabarani na moshi wa magari. Mwenyewe alikuwa mvutaji. Takwimu za kwanza zilipomfikia, akaacha. Huyo ndiye mtafiti ninayemwamini, aliyeletewa jibu asilolipenda akalikubali. Mwenye jibu alilolitaka tangu mwanzo mimi humwuliza nani alilipia chai ya kikao. Mwaka 2016 zilichapishwa nyaraka za kale zilizofichua kwamba chama cha wenye viwanda vya sukari Marekani kiliwalipa wanasayansi wa Harvard dola 6,500 za wakati ule kwa makala yaliyotoka mwaka 1967, yaliyoielekezea mafuta lawama ya ugonjwa wa moyo na kuipitisha sukari pembeni. Mlipaji hakutajwa.

Nilipofika hapo shemeji alitoka kwenye grupu kwa hasira. Baadaye nikajua sababu. Anauza unga wa majani ya mlonge kwenye chupa, una maandishi "umethibitishwa kitafiti," na aliyethibitisha ni yule anayeusaga.

Kwa hiyo sasa nyumbani mimi ni mtu nisiyesogelewa na asilimia. Soseji zimepungua kimyakimya, bila tangazo. Mshkaki umerudi, mara mojamoja, mwisho wa mwezi. Chai yangu naikalia naitazama ipoe huku natukana Iran nzima moyoni. Nilidhani mambo yameisha.

Sikujua kwamba mama watoto alikuwa akisikiliza. Jana nimerudi usiku, chakula kimepoa, nikatoa maelezo yangu ya miaka yote: foleni. Zamani angeguna tu. Safari hii alikunja mikono, akauliza: "Foleni ya kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi?" Nikamwambia ilikuwa mbaya sana. "Mbaya kwa kulinganisha na nani? Maana jirani ametoka mjini saa ileile, amepita barabara ileile, na saa kumi na mbili na nusu alikuwa hapo nje anamwagilia maua."

Nimempinga kwa nguvu zangu zote. Nimemwambia jirani mmoja ni sampuli ndogo mno, hakuchaguliwa kwa bahati nasibu, na huenda amepanda bodaboda. Amesema hana haja ya watu 50,045 kwa kesi ya mtu mmoja.